Direkta Amepata Barua, Nani Atamfundisha Kazi?

Lubumbashi, kama kwingineko Kongo, njia ya kuwa direkta, yaani mkuu wa shule ya msingi, inajulikana na wote. Mtu anafundisha miaka mingi, mara nyingi darasa la sita. Watoto wake wanafaulu ENAFEP, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, direkta wa zamani anastaafu au anahamishwa, na barua inafika. Ijumaa alikuwa na chaki mkononi. Jumatatu ana funguo za ofisi, muhuri, kabati lenye mafaili yasiyofungika, na walimu ambao wiki iliyopita alikuwa akitaniana nao chini ya mwembe. Katikati ya siku hizo mbili hakuna aliyeketi naye kumweleza kazi mpya ni ipi.

Ukitaja mafunzo ya uongozi kwa wakuu wa shule, wengi watakuambia shida ni uhaba wa semina. Mimi naona vingine. Semina zipo, hata kama haziji kwa mpangilio, na direkta mwenye miaka kadhaa kazini huwa na vyeti vya ushiriki vya kutosha kujaza bahasha. Shida ni kwamba ofisi yake ilijengwa, kwa zaidi ya miaka 30, iwe ofisi ya kupokea pesa na kupeleka karatasi, na sehemu kubwa ya mafunzo imemfundisha kuyafanya hayo mawili kwa unadhifu zaidi. Darasa limebaki upande wa pili wa ukuta.

Wakubwa watatu, mtu mmoja

Tuanze na swali la nani anamwongoza huyu kiongozi, maana hapo ndipo mambo yanapojifunga.

Shule za umma za Kongo si za aina moja. Mwaka 1974 utawala wa Mobutu ulizitwaa shule za makanisa. Miaka 3 baadaye, tarehe 26 Februari 1977, Serikali ilisaini mkataba na makanisa: yao uendeshaji wa kila siku, yake mishahara, programu za masomo na ukaguzi. Hapo ndipo zilipotoka shule tunazoziita konvansyone, za Kikatoliki, za Kiprotestanti, za Kikimbangu, na baadaye za Kiislamu na nyinginezo. Watoto wengi wa Lubumbashi wanasoma humo. Kando yao kuna shule za ofisieli zilizo moja kwa moja chini ya Serikali, na shule za binafsi. Mji huu una urithi wake mwingine pia, shule zilizoanzishwa na makampuni kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi, kwanza enzi za kampuni ya madini ya Union Minière, kisha za Gécamines na za reli.

Sasa mchukue direkta wa shule ya konvansyone kule Katuba au Kenya, komini za mji huu. Jina lake linatoka kwenye koordinasyo, ofisi ya kanisa inayosimamia shule zake. Kutambuliwa kwake kunapita kwa Proved, mkuu wa elimu wa jimbo, na chini yake kuna Sous-Proved, anayeshika sehemu ya jimbo hilo. Inspekta naye ana mlolongo wake, unaopanda mpaka inspeksyo kuu kule Kinshasa. Kila mmoja wa watatu hao anaitisha mikutano, anadai ripoti, na anatoa mafunzo. Koordinasyo itazungumzia maadili na roho ya shule ya kanisa. Sous-Proved atazungumzia mafaili, takwimu, orodha za walimu. Inspekta atazungumzia programu mpya na namna ya kuandaa somo. Yote yana faida. Ila hakuna anayeyashona yakawa vazi moja, na direkta anarudi shuleni na vipande vitatu mkononi.

Katika shule ya sekondari mambo ni afadhali kidogo. Prefe, mkuu wa shule hiyo, ana direkta wa masomo, ana direkta wa nidhamu, pengine na mshauri wa ufundishaji. Anaweza kugawa kazi. Direkta wa shule ya msingi akiwa na bahati ana sekretari. Kwenye shule ndogo za pembezoni anashika na darasa lake mwenyewe, kwa hiyo mgeni akifika anaacha watoto wakinakili ubaoni na kutoka nje kumpokea. Halafu semina inawaweka prefe na direkta katika ukumbi mmoja, mbele ya mkufunzi mmoja, juu ya karatasi zilezile. Na sheria ya elimu ya Februari 2014 imeongeza utata kidogo: elimu ya msingi sasa inahesabiwa miaka 8, lakini darasa la saba na la nane, yanayoitwa CTEB, kwa sehemu kubwa yamebaki katika majengo ya sekondari, chini ya prefe.

Kazi iliyokaa juu ya kazi

Asiyejua miaka ya 1990 Kongo hatamwelewa direkta wa leo. Mishahara ya Serikali ilipopoteza thamani na walimu wakagoma, wazazi walianza kuchanga ili madarasa yasifungwe. Mchango wa dharura ukageuka kuwa mfumo. Direkta alikusanya primu, ndiyo michango hiyo, akawagawia walimu fungu lao, na fungu jingine likapanda ngazi: ofisi ya chini, koordinasyo, jimbo. Shule ilikuwa mahali pesa ya mzazi inapoanzia safari, naye direkta alikuwa mpokeaji wa kwanza. Machoni pa waliokuwa juu yake, uzuri wake ulipimwa kwa wingi wa wanafunzi na kwa pesa kufika kwa wakati. Ni vigumu kumlaumu mtu aliyepimwa hivyo kwa miaka yote akawa hodari wa hesabu za makusanyo kuliko wa kutazama somo la kusoma.

Katiba ya 2006, katika kifungu cha 43, ilikwishasema kwamba elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ni ya bure. Utekelezaji kamili ulisubiri hadi Septemba 2019, chini ya Rais Félix Tshisekedi. Mwaka uliofuata Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 800 kwa mradi wa PERSE, uliokusudiwa kuisaidia Serikali kubeba mzigo huo. Watoto waliokuwa wakifukuzwa kwa kukosa primu walirudi darasani, na hilo ni jema lisilohitaji kutetewa. Lakini madarasa yalijaa hadi mlangoni, na direkta wa shule ya msingi alijikuta na ofisi ileile isiyo na sanduku la zamani. Pesa ya uendeshaji kutoka Serikalini ni ndogo na haina mazoea ya kufika kwa tarehe. Sekondari, wazazi wanaendelea kulipa.

Kisha kuna walimu wa NU, yaani "nouvelles unités", walimu wapya. Hawa wamepewa darasa, wanafundisha, lakini hawajawa mekanize, yaani hawajaingizwa katika orodha ya malipo ya SECOPE, ambayo sasa inaitwa DINACOPE. Kabla ya 2019 primu ya wazazi iliwashika. Leo direkta anaweza kuwa na mwalimu mekanize na mwalimu wa NU katika vyumba vinavyopakana, wote na watoto wengi, mmoja akipokea mshahara benki na mwingine akipokea ahadi. Mkufunzi akija na somo la "kuhamasisha timu", hao wawili ndio timu yenyewe. Nimewahi kusikia swali la mshahara wa mwalimu wa NU likiulizwa ukumbini, na jibu likawa kwamba mambo ya mishahara hayamo katika moduli. Ukumbi ulicheka.

Nalitaja hili mapema kwa sababu kuna uongozi wa kweli unaofanyika hapo na hauna cheti. Direkta anayepanga ratiba ili mwalimu wa NU apate alasiri ya kwenda kuuza au kulima, anayewaonyesha walimu wote karatasi ya matumizi ya pesa ya uendeshaji ili pasiwe na minong'ono, anayekwenda mwenyewe kufuatilia faili la mwalimu huyo kwa miezi, huyo anaongoza. Semina nyingi hazimuulizi amefanyaje.

Utafiti unasema nini, na unanyamaza wapi

Kwamba mkuu wa shule ana uzito katika kujifunza kwa watoto, hilo limechunguzwa sana. Mwaka 2004 Kenneth Leithwood na wenzake walipitia tafiti nyingi na kuhitimisha kwamba, kati ya mambo yaliyo ndani ya shule, uongozi unashika nafasi ya pili baada ya ufundishaji wenyewe. Mwaka 2021 Jason Grissom, Anna Egalite na Constance Lindsay walitoa hesabu ya Marekani: shule ikimbadilisha mkuu aliye chini ya wastani ikampata aliye juu ya wastani, watoto wanapata kama miezi 2.9 ya ziada ya kujifunza hisabati kwa mwaka, na miezi 2.7 ya kusoma. Na uzito huo unawagusa wanafunzi wote wa shule kwa pamoja, wakati mwalimu bora anawagusa wa darasa lake.

Swali linalotuhusu zaidi ni mkuu huyo bora hufanya nini. Viviane Robinson wa New Zealand na wenzake, mwaka 2008, walilinganisha aina za matendo ya uongozi kwa athari yake katika matokeo ya wanafunzi. Kusimamia vizuri rasilimali kulipata 0.31 katika kipimo chao. Kudumisha utulivu na usalama shuleni kulipata 0.27. Kitendo kimoja kiliyaacha mengine mbali, kikapata 0.84: mkuu kuhamasisha kujifunza kwa walimu na yeye mwenyewe kushiriki, kukaa nao, kuwa mwanafunzi pamoja nao. Tafiti zilizokuwa nyuma ya namba hiyo zilikuwa chache, kwa hiyo tusiibebe kama mizani ya dhahabu. Lakini mwelekeo wake haushangazi mtu aliyewahi kufundisha. Ripoti ya UNESCO ya 2024/5 kuhusu elimu duniani, iliyojikita katika uongozi, imerudi palepale kwa njia nyingine: kuweka matarajio, kuelekeza macho kwenye kujifunza, kukuza ushirikiano, na kuwaendeleza watu.

Haya yote ni kuhusu mkuu bora. Kumtengeneza mkuu bora kwa mafunzo ni habari nyingine, na hapo ndipo wauzaji wa semina huwa wanapita haraka.

Gambia walijaribu mpango mpana: ruzuku kwa shule, na mafunzo ya usimamizi kwa wakuu, walimu na wawakilishi wa wazazi kwa pamoja. Moussa Blimpo, David Evans na mwenzao walifuatilia matokeo. Utoro wa wanafunzi na wa walimu ulipungua kwa kiasi cha kuonekana. Alama za mitihani, kwa wastani, hazikusogea. Dalili za kupanda zilionekana kwenye vijiji ambako watu wazima wengi zaidi walijua kusoma na kuandika, na hilo ni jambo la kufikiriwa na kila anayetaka Kopa, kamati ya wazazi, isimamie shule bila kujiuliza wazazi hao wamepewa nini cha kusimamia nacho.

Madagaska walijaribu kitu chenye funzo kali zaidi kwa nchi yenye ngazi nyingi kama yetu. Zana za usimamizi na mafunzo vilipelekwa katika ngazi tofauti: kwa maofisa wa wilaya, kwa maofisa walio chini yao, na katika sehemu nyingine mpaka kwa wakuu wa shule na walimu. Vilipoishia ofisini, hakuna kilichobadilika shuleni. Vilipofika shuleni penyewe, walimu waliandaa masomo na kufuatilia wanafunzi kwa uangalifu zaidi, na watoto walihudhuria zaidi.

Na India, katika jimbo la Madhya Pradesh, Karthik Muralidharan na Abhijeet Singh walichunguza mpango uliosifiwa sana wa tathmini za shule na mipango ya maboresho. Tathmini zilifanyika, na zilikuwa nzuri. Mipango iliandikwa. Faili zilijaa. Walipokwenda kutazama, ukaguzi ulikuwa uleule, mahudhurio ya walimu yaleyale, kujifunza kulekule. Mpango ukaendelea kupanuliwa, kwa sababu ukitazamwa kutoka juu, kupitia karatasi, ulionekana umefaulu.

Mtu wa Lubumbashi akisoma habari hiyo ya India anatabasamu. Anaujua mpango wa maboresho wa shule ulioandikwa vizuri, ukapigwa muhuri, ukatolewa nakala tatu. Anaujua kwa sababu uko kabatini.

Dakika thelathini za darasa la tatu

Basi tuangalie kitendo kimoja kwa karibu, kile ambacho mafunzo mengi yanakitaja kwa jina na kukipita: direkta kutembelea darasa.

Kwa desturi anaingia, watoto wanasimama na kuimba salamu, anakaa nyuma. Anadai daftari la maandalizi ya mwalimu, anatazama kama tarehe ya leo imeandikwa, anatia sahihi na neno "Vu", yaani nimeona. Anajaza karatasi ya ziara: usafi wa darasa, sauti ya mwalimu, matumizi ya ubao, nidhamu. Mwisho anaandika ushauri: "Aendelee kuboresha mbinu." Mwalimu anasaini. Karatasi inaingia failini kumsubiri inspekta. Kazi imefanyika, na hakuna aliyejifunza kitu.

Chukua sasa mfano wa namna nyingine. Ni somo la hesabu, kutoa kwa kukopa: 52 toa 27. Madamu anafanya ubaoni, vizuri kabisa, anaeleza kwa Kiswahili maana hili ni darasa la tatu, kisha anauliza, "Mumeelewa?" Watoto zaidi ya sabini wanajibu kwa sauti moja, "Ndiyo, Madamu!" Anatoa zoezi. Direkta, badala ya kubaki kwenye kiti, anazunguka kati ya madawati na kutazama madaftari kumi, hapa na pale, mbele na nyuma, wasichana na wavulana. Sita kati ya kumi wameandika 35.

Si jibu la ovyo. Mtoto aliyeandika 35 ametoa 2 katika 7 akapata 5, kisha 2 katika 5 akapata 3. Ametoa namba ndogo katika namba kubwa kila safu, bila kujali ipi iko juu. Ana kanuni, na kanuni yake ina mantiki, ila haifai. Ukimrudishia maelezo yaleyale ya kukopa kwa sauti ya juu zaidi ataendelea kuandika 35.

Wakati wa mapumziko wanasimama pembeni, dakika kumi tu.

"Madamu, maelezo yako ubaoni yalikuwa safi. Nimeona kitu kwenye madaftari, nataka tukitazame pamoja. Unaona hii 35?"

"Ee, Direkta. Huyu hasikilizi, ni mtundu."

"Huyu je? Na huyu? Huyu si ndiye wa kwanza wako?"

Anaguna. Anachukua madaftari, anayapanga, na yeye mwenyewe anaiona. "Wanageuza. Wanatoa ya juu katika ya chini."

"Kesho utafanyaje?"

"Nitatumia vijiti. Nifunge vya kumi kumi, mtoto mwenyewe afungue fungu."

"Sawa. Kesho kutwa nitapita tena, nitazame madaftari tu. Sitaandika kitu."

Ukiyachambua mazungumzo hayo, utaona direkta amefanya mambo ambayo hayamo katika karatasi yake ya ziara. Ametazama watoto kuliko mwalimu. Amechagua jambo moja. Amemwachia mwalimu alione mwenyewe na atafute dawa mwenyewe. Ameahidi kurudi, na kwa siku karibu. Na ameiweka kalamu mfukoni, maana kwetu karatasi iliyoandikwa juu ya mwalimu huwa na miguu. Huweza kumfikia inspekta au koordinasyo, na mwalimu anayejua hilo hataonyesha mahali anapokwama.

Ujuzi huo hauji wenyewe kwa kuwa mtu alikuwa mwalimu hodari wa darasa la sita. Wakati mwingine uhodari wake ndio unaomzuia, anataka kunyang'anya chaki aonyeshe. Unafundishika, lakini kwa kufanya: direkta atembelee darasa akiwa na mtu mzoefu, wazungumze na mwalimu, kisha yule mzoefu amwambie direkta kando alichokiona katika mazungumzo yake. Mara ya kwanza atazungumza sana. Mara ya tano atauliza.

Hapo hesabu ya saa inaingia. Mjini Houston, Texas, Roland Fryer aliwapatia wakuu wa shule saa 300 za mafunzo ndani ya miaka 2, yakilenga kupanga masomo, kutumia matokeo ya wanafunzi, na kutazama walimu na kuwapa mrejesho. Mwaka wa kwanza matokeo ya watoto yalipanda. Semina yetu ya siku 3, ukitoa ufunguzi rasmi, hotuba, chai, na nusu ya siku ya mwisho inayokwenda kwa vyeti na picha ya pamoja, haifiki saa 15. Sisemi tupate 300. Houston si Ruashi yetu hapa Lubumbashi. Nasema tusitegemee saa 15 za kusikiliza zifanye kazi ya mazoezi ya miezi.

Nani yuko tayari kufundisha

Vyombo havikosekani. Inspekta kwa wadhifa wake ana kazi ya kukagua, kutathmini na kufundisha, na ndiye mtu wa Serikali aliye karibu zaidi na shule. Shida ni kofia yake. Asubuhi anahoji kwa nini daftari la mahudhurio lina nafasi wazi, mchana anataka direkta amfungulie moyo kuhusu udhaifu wake. Wachache wana kipaji cha kuvaa kofia zote mbili. Ongeza kwamba mara nyingi usafiri wa inspekta kufika shuleni unategemea shule yenyewe, na utaelewa kwa nini ziara huwa chache na za heshima nyingi.

SERNAFOR, idara ya taifa ya mafunzo, inaandaa moduli. Vyuo navyo vipo: ISP Lubumbashi inafundisha walimu wa sekondari, na Chuo Kikuu cha Lubumbashi, UNILU, kina kitivo cha saikolojia na sayansi za elimu. Mtu anaweza kusomea usimamizi wa taasisi za shule akapata digrii. Lakini anayesoma huko mara nyingi ni kijana asiye na shule, na mwenye shule ni mwalimu wa D6, yaani mwenye diploma ya sekondari, mwenye familia ambaye hana miaka wala ada ya kurudi chuoni. Wawili hao hawakutani.

Halafu kuna miradi ya wafadhili, ambayo huja na vitabu vizuri, vishikwambi, na mafunzo ya ngazi kwa ngazi: wakufunzi wa taifa wanafundisha wa jimbo, wa jimbo wanafundisha wa chini, wa chini wanafundisha madirekta, madirekta wanafundisha walimu. Ni maji yanayobebwa kwa viganja. Anayeyasubiri mwisho wa foleni anapata unyevu. Siku 5 za Kinshasa zinakuwa siku 3 Lubumbashi, siku moja kwenye Sous-Division, ofisi ya Sous-Proved, na shuleni zinakuwa tangazo wakati wa mapumziko. Na pesa ya usafiri inayotolewa kwa washiriki, ambayo kwa mtu wa mshahara mdogo ni pesa kweli, inaamua mara nyingine nani aende. Sipendi mzaha unaofanywa kuhusu hilo. Mtu mwenye watoto sita akichagua semina yenye pesa kuliko isiyo nayo, amepiga hesabu kama mtu yeyote. Lakini mpangaji wa mafunzo asiyelihesabu hilo atajaza ukumbi bila kujua amewajaza kina nani.

Kitu ninachokiamini zaidi ni cha bei rahisi na tayari kina jina: mtandao wa shule za jirani, REP, pamoja na vikao vya walimu ndani ya shule vinavyoitwa fora. Shule chache zilizo karibu, madirekta wao wanakutana, kila mara kwa mwenzao mmoja, wanaingia madarasani pamoja, wanajadili. Hakuna anayemkagua mwenzake, kwa hiyo kofia ya inspekta haipo. Kwenye komini ya Kampemba kuna mitaa ambayo shule tatu za umma, ya Kikatoliki, ya Kiprotestanti na ya ofisieli, zinaweza kufikiana kwa miguu. Kinachozitenganisha ni koordinasyo, kila moja ikiitisha watu wake peke yao. Direkta mpya wa shule ya Kiprotestanti angejifunza mengi kwa jirani yake Mkatoliki mwenye miaka 15 kazini, lakini hakuna barua inayowakutanisha, na kwetu mtu wa ofisi haendi bila barua. Hapo Proved angeweza kusaidia kwa kusaini karatasi moja.

Majirani wametangulia kwa njia zao. Tanzania ina wakala wake wa mafunzo ya uongozi wa elimu, ADEM, kule Bagamoyo. Kenya ilianzisha taasisi ya KEMI. Rwanda, Chuo Kikuu cha Rwanda pamoja na shirika la VVOB la Ubelgiji wamewapatia wakuu wa shule diploma ya uongozi huku wakiendelea na kazi. Na Zambia, ukivuka Kasumbalesa, ilikuwa na chuo chake cha walimu walio kazini pale Chalimbana, ambacho sasa ni chuo kikuu na kinafundisha uongozi wa elimu. Sisemi tunakili. Nchi zenye taasisi hizo nazo zina wakuu waliojaa karatasi. Lakini kuna tofauti kati ya nchi inayosema "kabla au mara baada ya kuteuliwa, utapita hapa" na nchi inayongoja mfadhili.

Kopa ifanye nini, na nani atakaa

Mzazi aliye kwenye Kopa anaweza kusaidia zaidi ya kuhesabu madawati. Direkta akirudi kutoka semina, amuulize mambo mepesi: wiki iliyopita uliingia darasa gani, uliona nini kwenye madaftari, utarudi lini? Maswali hayo hayagharimu kitu na hayamdhalilishi mtu. Direkta aliyeanza kuyafanya atayajibu kwa furaha, kwa sababu kwa kawaida hakuna anayemuuliza. Wote wanamuuliza takwimu.

Linabaki jambo la uhamisho, ambalo kwa maoni yangu linakula faida ya mafunzo kuliko uhaba wa pesa. Direkta anafundishwa, anaanza kuzunguka madarasani, walimu wanazoea kuzungumza naye bila woga, kisha koordinasyo inampandisha cheo au inamsogeza shule nyingine. Anayemfuata anakuta kabatini karatasi za ziara zenye "Aendelee kuboresha mbinu," maana mazungumzo yote ya kweli yalifanyika bila kalamu. Baadhi ya madirekta wameanza kuwa na daftari dogo lao, nje ya faili rasmi, lenye mistari mifupi: darasa la tatu, kutoa kwa kukopa, vijiti vimesaidia, turudie mwezi wa pili. Koordinasyo ikimpa direkta anayeondoka siku 5 tu za kutembea madarasani na anayeingia, daftari hilo likiwa kati yao, itakuwa imetoa mafunzo ambayo shule haijawahi kuyapata, na bila kukodi ukumbi.